Bastola Isiyo na Magazini

Kiponda, Mjini Unguja
Jumatano, 5 Februari 2025

Mzee wangu Borafya Jaku,

Shikamoo. Mimi ni Mwanakheir, mke wa Yussuf, yule mlinzi uliyemfundisha bastola miaka minane nyuma, ambaye kila Sikukuu Pili alikuja Chwaka kukuamkia. Niandike mke wa marehemu Yussuf. Mkono unakataa, lakini ndivyo ilivyo.

Ningekuja mwenyewe, ila niko eda na sitoki mpaka tarehe kumi na nane Mei. Ningepiga simu, ila mpwa wako Rukaiya, anayetuuzia sabuni za mwani kila Alhamisi, ameniambia masikio yako uliyaacha kwenye kiwanja cha shabaha na simu kwako ni pambo tu. Basi naandika, na Rukaiya ataileta.

Bila shaka umesikia yaliyotokea. Ijumaa ya tarehe kumi Januari, asubuhi mapema, Mahfoudh alikuwa anamaliza zamu ya usiku kwenye chumba cha walinzi wa benki, na Yussuf amekwenda kumpokea. Risasi moja ilitoka mkononi mwa Mahfoudh, ikatoboa ukuta wa mbao nyembamba, ikamkuta Yussuf upande wa pili anatawadha. Hakufika hospitali.

Mahfoudh naye ni mwanafunzi wako. Yuko rumande na anasema ilimtoka tu, hakukusudia. Watu wanasema alikusudia, kwa sababu walikuwa hawasemezani tangu Novemba, Yussuf alipomwambia mkubwa wao kwamba Mahfoudh analala kazini. Na mimi, Mzee wangu, nilisikia kwa masikio yangu. Mahfoudh alikuja mpaka mlangoni kwetu, akasema, "Nawe utaniona." Mwendesha mashtaka anataka niyaseme maneno hayo mahakamani nikitoka eda. Bila ya hayo hana ushahidi wa nia.

Nitashika Msahafu, kwa hiyo nataka nijue kwanza. Kama Mahfoudh alimuua mume wangu kwa kutaka, nitayasema kwa moyo wangu wote na nitalala vizuri. Kama hakutaka, sitaki nimzike mtu akiwa hai. Yussuf alikuwa akisema hakuna anayezijua bastola Unguja nzima kama wewe. Nambie basi, bastola inaweza kufyatuka yenyewe?

Mwanakheir

*

Chwaka
Jumatano, 12 Februari 2025

Bi Mwanakheir, mwanangu,

Marahaba. Mwenyezi Mungu amrehemu Yussuf na akupe subira. Nilikuja mazikoni, nikasimama nyuma kabisa.

Umeniuliza swali la kifundi nami nitakujibu kifundi. Miaka thelathini na moja nilikuwa karakana ya silaha serikalini, na nilipostaafu nikawafundisha walinzi wa kampuni ya akina Yussuf kwa miaka kumi. Siku hizi watu huniuliza habari za mashine za boti, silaha haniulizi mtu, kwa hiyo nivumilie nikirefusha.

Bastola hizi zinazojipakia zenyewe baada ya kila risasi zinafanana kwa nje. Tabia ya kila moja iko kwenye kifyatulio, kile kichuma unachokivuta kwa kidole. Kuna ya zamani, ambayo nyundo yake unaiona kwa nyuma. Hiyo lazima uikoki kwanza, yaani uivute nyundo nyuma mpaka ishike, bila ya hivyo kifyatulio hakina kazi. Ukishaikoki, kifyatulio ni chepesi na kifupi, unavuta kidogo tu na kinakatika, safi. Hizo ndizo nilizowafundishia akina Yussuf, na mpaka leo sijaona kifyatulio kizuri kuliko kile.

Aina ya pili, nyundo imelala na kifyatulio chenyewe ndicho kinachoinyanyua. Mvuto wa kwanza ni mrefu na mzito, kama kuvuta ndoo iliyojaa kisimani. Unaofuata ni mwepesi, kwa sababu nyundo imeshabaki juu. Wengi huikosa shabaha kwa risasi ya pili, kwani mkono unangojea uzito ambao haupo tena.

Ya tatu ndiyo ya siku hizi. Nyundo huioni. Ndani mna pini iliyokwishavutwa nusu, na kila mvuto ni sawasawa na uliotangulia, si mzito wala si mwepesi. Haina kitufe cha kufungia kwa kidole gumba. Ina kiulimi kidogo katikati ya kifyatulio. Usipokigusa hakitokei kitu, ukikibana pamoja na kifyatulio chake kila kizuizi kinafunguka. Oktoba iliyopita kampuni iliziondoa zile za zamani ikaleta hizi.

Sasa jibu lako. Bastola nzima haifyatuki yenyewe. Hizi mpya unaweza kuziangusha sakafuni, kile kiulimi kitazizuia. Ili risasi itoke, kidole lazima kivute. Asubuhi ile kidole kilivuta, na kilikuwa kidole cha Mahfoudh. Alikuwa na nia gani, hilo si la fundi kulijibu.

Nakuombea kila la kheri.

Borafya Jaku

*

Kiponda
Jumatano, 19 Februari 2025

Mzee wangu,

Shikamoo. Umenifundisha vifyatulio mpaka nimejiona naweza kwenda kuomba kazi ya ulinzi. Ahsante. Barua yako niliisoma mara mbili na mara ya pili nilihisi nafuu, nikuambie kweli. Kumchukia mtu kunapunguza kulia. Siku tatu nilimchukia Mahfoudh na nikaweza hata kula.

Kisha Jumamosi binti yangu Ummukulthum, ana miaka sita, alikaa mbele ya tivii na rimoti. Baba yake alikuwa na mchezo naye. Akirudi kazini anachukua rimoti, anatoa betri, anaielekeza kwenye tivii, anabonyeza. Tivii haibadiliki. Basi wote wawili wanapiga kelele, "Kimya!" na kucheka mpaka jirani anagonga. Nilipomuuliza ni wazimu gani huo, Yussuf aliniambia, "Ndivyo alivyotufundisha Mzee Borafya. Kabla hujamkabidhi mwenzio bastola, toa magazini, kile kikasha cha risasi, elekeza ukutani, vuta. Ikinyamaza sema kimya, naye aliyekaa ubavuni mwako aitikie kimya. Hapo nyote mshajua ni salama."

Jumamosi mtoto alitoa betri, akabonyeza, akasema "Kimya" peke yake. Hakuna aliyemwitikia. Mimi nilikwenda chumbani.

Huko chumbani ndipo nilipokumbuka jambo. Shemeji yangu aliyasoma maelezo ya polisi. Magazini ilikutwa juu ya meza, pembeni ya birika la chai, imejaa risasi. Mwendesha mashtaka anasema haina maana, risasi moja ilibaki ndani ya bastola na moja ilimtosha. Lakini mimi ni mwanamke wa nyumbani na nauliza la nyumbani: mtu anayetaka kuua, kwa nini aanze kwa kutoa magazini na kuiweka vizuri mezani?

Kurasa zako zote zile, Mzee wangu, na neno magazini halimo hata mara moja. Kama kuna jambo hukuliandika, liandike.

Mwanakheir

*

Kiponda
Jumatano, 5 Machi 2025

Mzee Borafya,

Leo tumefunga siku ya nne. Rukaiya amekuja Alhamisi iliyopita na ameniletea salamu zako na mkono mtupu. Anasema unakaa kibarazani na barua yangu iko mfukoni.

Mtu wa mwendesha mashtaka alikuja kuandika maelezo yangu, akakaa upande wa pili wa pazia. Nimesema "Nawe utaniona" na ameyaandika. Jana mama yake Mahfoudh, Bi Mwanamkasi, alinitumia futari kutoka Chukwani. Nimeirudisha na bakuli lake, sikulifunua.

Nafanya haya kwa barua yako ya tarehe kumi na mbili. Sina nyingine ya kufanyia.

Mwanakheir

*

Chwaka
Jumatano, 9 Aprili 2025

Bi Mwanakheir,

Ramadhani nzima nimefunga na barua yako mfukoni, na Idi nimeswali nayo. Sikuwa na kitu cha kukuandikia isipokuwa hiki, na hiki nilikuwa nakikimbia.

Zile bastola za zamani zilikuwa na jambo moja zaidi. Ukitoa magazini, kifyatulio kinakufa. Unavuta na hakitokei kitu, hata kama risasi imebaki ndani. Waliozitengeneza walitaka hivyo. Njia ya haki ya kuhakikisha bastola ni kutoa magazini, kisha kuvuta nyuma kile chuma cha juu ili risasi iliyobaki iruke nje, kisha kutazama ndani kwa jicho na kugusa kwa kidole. Nilifundishwa hivyo, na ndivyo nilivyoanza kuwafundisha akina Yussuf. Lakini risasi zile zilikuwa zikiruka na kupotelea chini ya makabati, na kila risasi iliyopotea mlinzi alishinda kutwa akiandika maelezo. Wakachoka, nami nikachoka. Nikawapa njia ya mkato: toa magazini, elekeza ukutani, vuta, kimya. Risasi ikabaki ndani zamu kwa zamu na mimi nikajiona hodari. Miaka minane haikutokea ajali hata moja.

Bastola mpya hazina jambo hilo. Toa magazini, vuta, na kama risasi imebaki ndani inatoka. Amri ya hizi ni kuzibeba bila ya risasi ndani, ndiyo maana tangu Oktoba zilinyamaza, lakini mlinzi akiingiwa na hofu usiku huingiza moja, na asubuhi husahau.

Sasa sikiliza lililo baya zaidi. Nililijua. Mwezi wa Novemba kampuni ilinitumia bastola moja mpya niitazame. Nilikuwa nimenuna, kwa sababu walizinunua bila ya kuniuliza mimi, na aliyewafundisha kuzitumia walimleta kutoka nje. Nikaifungua mezani kwangu. Nikaweka ganda la risasi lisilo na kichwa wala baruti, lenye fataki yake tu, nikatoa magazini, nikavuta. Ikalia. Nililiona kosa hapo hapo, na niliona vidole ishirini na saba nilivyovizoesha kuvuta. Nikaifuta, nikaifunga kwa kitambaa chake, nikamrudishia aliyeileta. Nikamwambia, "Nzuri." Neno moja tu hilo. Nilijisemea watajua wenyewe, si wana mtaalamu wao.

Uliponiandikia mara ya kwanza nilijua kabla sijamaliza ukurasa. Kila nilichokujibu kuhusu vifyatulio ni kweli, na nilikudanganya. Nilikutajia kidole cha Mahfoudh ili usiuulize mkono wangu. Nimeona haya, Bi Mwanakheir, na haya yangu imenikuta na miaka sabini na minne.

Mahfoudh alifanya nilivyomfundisha. Kilichokosekana ni mmoja tu, wa kusimama ubavuni mwake na kumwitikia, na huyo walikuwa hawasemezani.

Kesho nakuja mjini kwa wakili wa Mahfoudh. Sikuombi kitu.

Borafya Jaku

*

Kiponda
Jumatano, 16 Aprili 2025

Mzee Borafya,

Shikamoo naiandika kwa sababu nimelelewa.

Kufundisha vibaya ningeweza kukusamehe. Wewe binadamu, na uliwahurumia walinzi waliochoka. Lakini umeniacha miezi miwili namchukia mtu. Nimeirudisha futari ya mama wa mtu mwezi wa Ramadhani. Ulikaa kibarazani na ukweli mfukoni, ukaniacha mimi niliye ndani, nisiyeweza kutoka, nikiuzunguka uongo peke yangu. Yussuf alikuwa hakuiti jina, akikuita Mwalimu. Nilikuwa nikimwonea wivu kwa kukupenda kwake.

Sikusamehi. Nimejaribu jana baada ya Isha na haikutoka.

Mwanakheir

*

Chwaka
Jumatano, 23 Aprili 2025

Bi Mwanakheir,

Nimeipokea, na umesema haki.

Wakili ameandika maneno yangu yote, nimetia saini kila ukurasa. Ameniambia ninaweza kushtakiwa na mimi. Nimemwambia aandike hilo pia. Kesi ni tarehe ishirini Mei. Nitakuwepo. Nitakaa mbali na mahali utakapokaa.

Borafya Jaku

*

Kiponda
Jumatano, 21 Mei 2025

Mzee Borafya,

Nilikuona jana. Hakimu alikuwa akiandika maswali yake kwenye karatasi na karani akikupelekea, nawe ukijibu kwa sauti ya mtu anayeita boti. Watu walianza kucheka. Ulipofika kwenye neno "Nzuri" waliacha. Mahfoudh alikutazama kisha akainamisha uso mpaka magotini.

Hukusikia niliyoyasema mimi, basi nakuandikia. Nilishika Msahafu. Nilisema kwamba Mahfoudh alikuja mlangoni akasema "Nawe utaniona," kwa sababu ni kweli aliyasema. Kisha nikasimulia habari ya rimoti na betri, na magazini iliyowekwa pembeni ya birika. Mwendesha mashtaka alinikatiza mara mbili. Nikamwambia, "Bwana, nshaapa kusema yote, na haya nayo ni katika yote."

Kuna moja nililisema ambalo hata wewe hulijui. Mwezi wa Disemba Yussuf alichoka na ule ununaji. Alikuwa amevaa viatu, yuko mlangoni, akaniambia, "Leo nnakwenda kumpa mkono Mahfoudh, yaishe." Mimi nikamwambia, "Usimwanze wewe, yeye ndiye mwenye makosa." Akavua tabasamu lake akenda zake kazini. Angempa mkono siku ile, Januari angesimama ubavuni mwake kuitikia, na risasi ingeingia ukutani bila ya mtu nyuma yake. Nimelia na jambo hili tangu barua yako ya Aprili. Wewe ulinuna na kampuni, wao walinuniana, na mimi nikamkataza aliyetaka kuacha kununa.

Nilipotoka mahakamani nilikwenda Chukwani. Ndiyo mara yangu ya kwanza kwenda kwa mtu tangu kutoka eda. Nilimpelekea Bi Mwanamkasi bakuli nililomnunulia, linalofanana na lile nililomrudishia, nimetia mkate wa kumimina. Alilipokea kwa mikono miwili. Mahfoudh nimemsamehe, nimemwambia mama yake amfikishie.

Wewe bado. Lakini nimejua ninachotaka kutoka kwako. Uliandika vidole ishirini na saba. Wengine wamehamia kampuni nyingine na hizi bastola mpya ziko kila mahali. Watafute wote. Si barua, wewe na barua nimeshakujua. Nenda kwa miguu yako, simama mbele ya kila mmoja, umwambie ulimfundisha makosa, umwoneshe njia ya haki mpaka aifanye mbele yako.

Mwanakheir

*

Chwaka
Jumatano, 23 Julai 2025

Bi Mwanakheir,

Nina daftari la majina yao, nililiandika kila nilipomaliza darasa. Nimekwenda nalo, na Rukaiya akiniandikia wanayonijibu. Wa kwanza nilimkuta Nungwi kwenye lango la hoteli. Alicheka, akasema, "Mwalimu, mbona mie nafanya vile vile mpaka leo." Akanionesha. Nilimshika mkono kabla hajavuta, nikamwambia avute chuma cha juu nyuma. Risasi ikaruka, ikaanguka kwenye mchanga baina ya miguu yetu. Tuliitazama sote wawili. Alikaa chini, nami nikakaa.

Watatu waliniambia nimezeeka, niende nikalale. Nilisimama hapo hapo mpaka wakafanya. Mmoja yuko Pemba, nimepanda boti na nimetapika njia nzima. Mmoja amekufa kwa sukari, nikamwambia mwanawe wa kiume, ingawa yeye ni mwalimu wa skuli na hana haja nayo. Mahfoudh nilimwona gerezani. Umeshasikia kwamba amehukumiwa kwa kuua bila ya kukusudia. Yeye hatashika tena bastola, lakini jina lake limo, basi nilimwambia na yeye, na nikamwomba radhi. Alinijibu kitu na mlinzi wake akakiandika kwenye kiganja changu kwa kalamu: "Nilimpenda Yussuf." Sikunawa mkono ule mpaka magharibi.

Wa ishirini na saba nilimwacha mwisho. Nilikwenda Mwanakwerekwe, Rukaiya akanionesha kaburi. Nilimwambia Yussuf makosa yangu yote, tangu risasi za chini ya makabati mpaka barua niliyokuandikia wewe. Mimi sauti yangu siisikii, kwa hiyo nadhani nilipiga kelele, maana watu waliokuwa wanazika upande wa pili waligeuka. Nilimaliza nikasema "Kimya," kisha nikakumbuka kuwa sitaki kulisema neno lile tena, nikalia.

Daftari nimempa Rukaiya akuletee. Kila jina lina alama. Sina lingine.

Borafya Jaku

*

Kiponda
Jumatano, 30 Julai 2025

Mzee wangu,

Shikamoo.

Daftari nimelipokea na nimelisoma jina kwa jina. Yale maneno madogo uliyoyaandika pembeni ya jina la Yussuf, "huyu ana mkono mtulivu," nimemsomea mtoto.

Alhamisi ijayo njoo na Rukaiya, usilete barua. Nitapika wali wa nazi na samaki changu. Utakaa kwenye kiti cha Yussuf, maana vingine ni vibovu.

Ummukulthum mchezo wa rimoti nimemfundisha upya. Anatoa betri, kisha anafungua kifuniko chote, anatazama, anatia kidole ndani kila pembe, ndipo anasema, "Hakuna kitu, mama." Nimemwambia kwamba mwalimu wa baba yake anakuja. Ameniuliza kama na wewe unajua kutazama ndani. Nimemwambia, sasa anajua.

Mwanao,
Mwanakheir